Rehani

Kila mwaka, siku ya pili baada ya Idi,
bibi yangu Somoe hufungua sanduku la bati,
huitoa nguo ya Kalasinga, huikung'uta mara moja
na kutamka, kana kwamba kuna karani anayeandika:
"Arobaini na tano. Haijazaa."

Riba hatuli. Deni la nyumba hii ni tasa.

Aliitwa Gurditi, fundi wa vichwa vya garimoshi,
mpangaji wa chumba cha uani, hapa hapa Chikongola,
mwaka walipong'oa reli ya karanga
taruma kwa taruma, kutoka Nachingwea hadi bandarini.
Kazi ilipokwisha, kodi ilikuwa imelala miezi mitatu,
kumi na tano, kumi na tano, kumi na tano.
Akaiweka nguo mezani, mbele ya mama yake Bibi:
"Mke wangu aliitarizi kabla hajawa mke wangu.
Nitakuja kuikomboa."
Akapanda meli ya mizigo na kilemba chake cha bluu.
Bluu. Bibi hakosei rangi.

Mwaka huu panya walitangulia.
Wametafuna pembe moja, upana wa kiganja,
na mshonaji wa nyumba ni mimi, mimi wa kofia,
niliyezoea kuhesabu vitobo hadi usingizini.

Niliitandika mkekani. Pamba nzito, nyekundu ya kutu,
na juu yake hariri, rangi ya bizari iliyokaangwa kidogo,
miraba ndani ya miraba, kila mmoja umesimama kwa ncha,
imesongamana hata pamba haipati pa kuchungulia.
Ukiinamisha kichwa, nusu ya miraba inazima,
nusu inawaka. Uzi ni ule ule.
Hapa umelazwa wima, pale umelazwa ubavu,
na mwanga unaamua wenyewe.

Nilitafuta alama ya kalamu, ya mkaa, ya chaki.
Hakuna. Nikaigeuza.
Mgongoni mishono midogo kama mayai ya chawa,
mstari baada ya mstari, na hapo jasho likanitoka:
huyu mwanamke alishona kwa nyuma.
Aliuona mgongo tu, akihesabu nyuzi,
tano, dunga; tano, dunga,
uso wa nguo ukiwa chini, umelalia mapaja yake,
asiuone mpaka amalize.
Mimi kofia naitazama usoni na bado nakosea.

Karibu na pindo, mraba mmoja ni wa kijani.
Mmoja. Katika mamia.
Nilidhani hariri ilimwishia. Bibi akacheka:
"Kijicho kipate pa kutua. Ama alichoka.
Wewe hujawahi kuchoka?"

Hariri Mtwara sikuipata. Nilizunguka sokoni,
nikauliza hata kwa wauza vifaa vya maharusi.
Nikatumia uzi wa kofia, ule wa manjano,
nikailaza nguo kifudifudi kama yeye,
tano, dunga,
siku tisa.
Mahali pangu panaonekana. Hapang'ai.

Kisha nikafungua daftari la kodi,
nikaandika chini ya jina la Gurditi:
Uzi na ufundi, shilingi elfu mbili.
Bibi akaninyang'anya kalamu.
"Panya wa nani?"
Wetu.
"Sanduku la nani lililoachwa wazi?"
Letu.
"Rehani ikiharibika mkononi mwako, analipa nani?"

Akapiga hesabu kwa vidole, midomo ikicheza,
akaandika mwenyewe, kwa herufi zake za kisomo cha watu wazima:
elfu mbili, toa arobaini na tano.

Tunadaiwa elfu moja mia tisa hamsini na tano.

Nguo ameikunja, mgongo nje.
Mimi amenituma dukani nikavunje noti,
akija mtu wa kwao asikute hatuna chenji.
Kijana wa dukani akanitazama:
shilingi tano ndiyo ipi?