Mwomba Moto

Gemu yangu ndiyo hii: unashika kigae,
ndani yake kaa la moto, jekundu kama jicho la tetere,
unatoka kwa Mama Tumpe, unarudi kwenu,
na katikati ni ukungu wa Tukuyu wenyewe,
ule usioonyesha mgomba hadi uugonge.
Basi. Hakuna bunduki.
Kaa likizimika umeshindwa,
sufuria baridi, wadogo zako wanakutazama.

Miaka mitatu, chumba cha uani,
nyuma ya mashine ya kusaga ya Mwakalobo,
kompyuta imejaa unga kama mtoto aliyepakwa poda.
Umeme ukikatika mashine inanyamaza,
nami nanyamaza.

Ilipokwisha, hakuna aliyejua kwamba imekwisha.
Dada yangu Atuganile akasema, waandikie hao wa video,
wanaocheza gemu huku wakipiga mayowe,
na watu malaki wamekaa wanawatazama wakipiga mayowe.
Nikaandika. Arobaini na mmoja.
Barua ya kwanza ilikuwa ndefu kama mahubiri ya Pasaka.
Kufika ya thelathini, imebaki mistari minne:
jina langu, picha moja ya ukungu,
naomba dakika zako ishirini,
na gemu hii hapa, bure.

Wengi kimya.
Kimya cha simu si kimya cha shamba;
cha shamba kina ndege.
Mmoja wa Dar akajibu usiku wa manane: laki tatu, nusu kwanza.
Nilikuwa na elfu kumi na nne na debe la viazi.
Mwingine akauliza mbona haina magari.
Na mwingine akaicheza, kweli akaicheza!
Tukajazana kwenye simu moja, mimi, Atuganile,
Mwakalobo na wateja wake wenye ndoo za mahindi.
Dakika mbili. Akaugonga mgomba, kaa likazimika,
akacheka: "Jamani, hii ni gemu au ni homa?"
akarukia ya mpira.
Mwakalobo akanishika bega, asiseme kitu.
Alama ya unga ilikaa kwenye koti hadi Jumapili.

Halafu mwezi wa nne, kwa bando la usiku,
nikaliona jina la gemu mahali nisipolipeleka.
Kijana wa Uyole, Ipyana, fundi simu,
wafuasi mia mbili na kumi na wawili,
"mmoja wao mama," alisema mwenyewe.
Sikumwandikia. Sikujua yupo.
Nani alimpa, sijui mpaka leo.
Alicheza dakika arobaini na sita,
sauti ya chini, nyuma yake mtu anapiga chafya,
mvua kwenye gemu, mvua kwenye bati lake, mvua kwenye langu,
nikashindwa kujua ipi ni ya nani.

Tena alifanya nisichokipanga:
alifika kwa Mama Tumpe, asiondoke.
Mimi nilitengeneza gemu ya kukimbia,
maana kwetu mgeni asiyekaa huulizwa,
"Vipi, umekuja kuomba moto?"
Yeye akakaa. Kigae chini, miguu karibu na mafiga.
Mama Tumpe ana sentensi tatu. Nilimpa tatu tu,
ilikuwa saa tisa usiku, nilichoka.
Akazisema. Akazirudia. Akazirudia.
Ipyana akasogeza uso kwenye kioo, akanong'ona,
"Ngojeni. Nadhani ana jambo huyu mama."

Hakuwa na jambo.
Najua, mimi ndiye niliyemnyima.

Wiki ile waliopakua ni kumi na tisa.
Kodi ni ileile, mashine inasaga vilevile,
na wale arobaini na mmoja sijawaandikia tena.
Ila usiku ule, kabla umeme haujakatika,
nilimfungua Mama Tumpe mdomo
nikamwekea ya nne.
Siiandiki hapa.
Ataisikia atakayekaa.