Akili Bandia

Bwana Khelef kasimama ukumbini, hoteli ya Mazizini,
koti la kijivu, kipaza sauti kimemganda shavuni kama chawa,
akawaambia wafadhili: Mfumo wetu unasoma.
Unasoma mwandiko wa wakulima wa mwani wa Micheweni,
penseli, kalamu, hata makaa,
unajumlisha kilo, unatoa deni la kamba,
unamtumia kila mwanamke malipo yake
kabla miguu haijamkauka.
Lini? akauliza mgeni mmoja wa miwani.
Upo tayari.

Mimi nilikuwa safu ya nyuma, karibu na sambusa.
Ndiyo kwanza nausikia.

Ofisi yetu ipo ghorofa ya tatu, Mlandege,
juu ya duka la mapazia.
Ukutani pameandikwa SISI NI FAMILIA,
na kweli: mshahara hauulizwi mbele za watu,
mkubwa hakosei,
na Sleyyum alipokwenda Wete kumzika baba yake
siku ya pili akatolewa kundini, "hana moyo wa kazi."
Kiti chake kikawekewa printa.

Si kwamba hatukusema. Ramla alisema, kwa adabu zote:
Bwana, kazi hii inataka mwaka na watu sita,
nasi tu wawili na nusu.
(Nusu ni Hamdu, wa mafunzo, halipwi hata nauli.)
Akacheka. Ramla, ndiyo maana huolewi,
kila kitu kwako hakiwezekani.
Tukacheka sote.
Hilo nalo naliandika, maana halikuandikwa popote:
tulicheka sote.

Basi mfumo ukazinduliwa. Utepe, dua, keki.
Na tangu usiku ule, ikifika saa nne, picha zinaingia:
kurasa za daftari la Bi Shuwena, karani wa kikundi,
doa la chai, chembe za mchanga,
nami nazisoma kwa macho yangu haya mawili,
naandika: Time Faki, kilo kumi na mbili, kamba tatu,
mpaka saa nane, jicho la kulia linanicheza,
wala si mgeni anayekuja, ni usingizi.
Asubuhi, kwenye skrini za wafadhili,
tarakimu zimeota kijani, safi, kama zimejizaa.
Wanaiita akili bandia.
Akili bandia ina mafua.
Akili bandia inadaiwa kodi ya Kwahani, miezi miwili,
na mama yake anauliza kwa nini Ramadhani nzima
haikuja hata siku moja kufutari.

Kundini, saa tano na robo: "Mashujaa, nani yuko macho?"
Tiki mbili za bluu. Ukisoma usijibu, umeshajibu.

Jana simu ikaita, namba ya Pemba.
Bi Shuwena. Alitaka kusema na mashine.
"Iambie, ile ya Mwanakombo
si kumi na moja, ni kumi na saba.
Saba yangu ina mkono mfupi, watu huikosa.
Lakini tuliambiwa mashine haikosi."
Kisha, sauti chini: "Mwanangu, ndo wewe unoandika?"

Nyuma yake kuku, na mwiko unakwaruza sufuria.
Mkataba wangu, kifungu cha tisa, unasema siri.
Ndiyo, Bi Shuwena. Ni mimi.
Akanyamaza. Akaniuliza jina, nikampa.
"Haya, Biubwa. Kuanzia leo saba nitaikata tumboni,
upate kuiona."

Usiku huu ukurasa wa kwanza umeingia.
Kamba, kilo, majina. Doa la chai pale pale.
Saba zote zimekatwa.