Silabi Nane

Kitabu hakina jalada, na jina lake hatujalijua.
Tulikiokoa soko la Kirumba, tukiwa kidato cha pili,
mikononi mwa muuza karanga aliyekwisha kufungashia
sura tatu za mwanzo.
Tulilipa mia mbili. Karanga akatupa bure.

Mlikuwamo falme tano, joka lenye kikohozi,
na Malkia wa Ukungu, mpokea wasafiri watokao vitani:
huwapa kinywaji cha moto, cha maua,
akisema, kunywa kabla mvuke haujasahau jina lako.
Sisi tulikuwa tunatoka kwenye hesabu za Mwalimu Lugata,
lakini kiu ilikuwa ileile.

Ukurasa wa mia na kumi na nne:

    *Chemsha maji ya ziwa, yasiguse jua kwanza,*
    *Maua ya kufichiwa, uyatose ukianza,*
    *Moto usije zidiwa, kwa pupa usijefanza,*
    *Kisha mwisho hutiliwa*

na hapo pamechanika.

Leo, miaka kumi na tisa baadaye, mvua imeikalia Igogo
kama kuku juu ya mayai. Majabali yanatiririka.
Joka wetu, mjusi wa kichwa chekundu na mgongo wa buluu
ambaye kila asubuhi hupiga pushapu juu ya jiwe la jirani,
kajificha ufani.
Minza kaja na kichupa cha konyagi ndani ya soksi,
kwa sababu yeye ni mwalimu, na wazazi wana macho.

Maji ya ziwa tunayo: ya bomba, yamepita dawa tu.
Nimeyakinga saa kumi alfajiri, nikayafunika kwa sinia.
Maua ya kufichiwa ni choya, wekundu wa kidonda,
na asumini za Mama Fidelisi
anayeziuza kwa kikombe, kama ubuyu.
Majani ya chai, vidole viwili. Mchaichai, fundo moja.
Moto wa gesi nimeushusha hadi ukawa kama kucha ya mtoto.

Tukaonja.
Dawa ya kikohozi, akasema Minza. Labda ilikuwa ya joka.

Tukamimina konyagi, ikapiga chafya ndani ya sufuria.
Afadhali. Lakini bado kuna kitu kinapiga hodi
na hatujui mlango uko wapi.
"Tutafute kwa mizani," akasema, akavuta chaki
kutoka mfuko wa sketi. "Zimepotea nane."
Tangawizi: nne, nusu ya safari.
Pilipili manga: sita.
Asali ya nyuki wadogo! nikapiga kelele.
Akahesabu kwa vidole, akakunja uso: tisa.
Tukaitia hata hivyo. Ulimi haujui kuhesabu.

Umeme ukakatika.
Honi ya kivuko cha Kamanga ikalia chini huko, mara moja.
Nikapapasa kabati, nikashusha vikombe.
Sikukusudia: mkono ulizoea vitatu.

Minza alikiona kile cha tatu, chenye pengo mdomoni,
cha Nyanzala, aliyepanda meli ya Bukoba
bila kutuaga, kwa neno ambalo
kila mmoja wetu anaamini alilisema mwenzake.
Ni yeye aliyechana ule ukurasa. Alisema ni mende.

"Sasa hiki," nikauliza, "nikimiminie wapi kilichobaki?"
Minza hakujibu upesi.
"Katika kikombe chake."

Kisha nikasikia chaki ikigonga meza gizani:
ka, ti, ka,
ki, ko, mbe,
cha,
ke.

Hatukusema kitu. Mvuke wa vikombe vyetu
ulipanda usoni, wa asumini na moto kidogo,
na wa kile cha tatu ulipanda pia,
ukakosa uso, ukaendelea kwenda.

Mvua ilipokwisha kilikuwa kimepoa.
Tukagawana nusu kwa nusu. Asali ya watu haimwagwi.