Jozi

Majani yakianza kupukutika Arslanbob
kijiji kizima huhamia msituni:
mahema, masufuria, mbuzi wawili, bibi na blanketi lake.
Wanaume hupanda mijozi na kutikisa matawi,
watoto huokota hadi vidole viwe vyeusi kwa maganda.
Mwaka ule mimi nilikuwa chini,
uso juu, gunia halijajaa,
nikapaza sauti: "Kaka, bado tawi moja."

Kilichofika chini hakikuwa tawi.

Daktari wa Jalal-Abad alichora mstari wa kalamu
kifuani mwa Odiljon, kidole kimoja chini ya chuchu.
"Juu ya hapa," akasema, "utasikia."
Kisha akahangaika na kifuniko cha kalamu.

Hakutuambia kwamba chini ya mstari hakulaliki.
Usiku baridi ikigusa unyayo,
goti linaruka, blanketi linaruka,
kisigino kinagonga ubao wa kitanda
du-du-du-du, kama mgeni mwenye haraka.
Mara ya kwanza mama alipiga magoti:
"Alhamdulillahi, anatembea!"
Tukatazamana, mimi na kaka.
Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumjibu.

Vidonge vipo. Vinamlewesha hadi adhuhuri,
kijiko kinamtoka mkononi.
Basi huja Gulbarchin, kila Alhamisi ya pili,
kwa gari la maziwa, mikono mipana, kucha fupi.
Siku ya kwanza mguu uliporuka niliurukia,
nikaubana kama tulipokuwa tukipigana miereka utotoni.
Akanishika kifundo cha mkono.
"Unagombana na nani?"

Akanionyesha:
kisigino kikae kiganjani, unyayo ulale juu ya mkono wako,
sukuma polepole,
polepole zaidi ya hapo, Sanjar,
hadi ukute ukuta. Usiubomoe. Uegemee.
Hesabu hadi sitini.

Mama hupasha mafuta ya jozi kwenye kikombe cha bati.
Nakanda shavu la mguu, nakanda paja,
nyama ngumu kama kamba iliyolowa,
kaka anasoma gazeti la mwezi uliopita.
Nikifika arobaini na moja ananitajia bei ya viazi
ili nipotee. Napotea. Naanza upya.
Halafu kitu kinaachia,
mguu unakuwa mzito, mzito wa mtu aliyelala.
Tunapata saa mbili za amani.
Siku nyingine nusu saa. Siku nyingine hakuna.

Usiku mmoja wa Februari miguu ilikataa kabisa.
Sitini, sitini, sitini tena,
jasho likinitoka huku theluji ikiziba dirisha.
Nikakumbuka neno la Gulbarchin:
ikipiga kelele kuliko kawaida, tafuta.
Nikatazama mrija wa mkojo, haujajikunja.
Nikatazama kucha za miguu, na mikunjo ya shuka.
Nikamgeuza ubavu.
Chini ya paja, ganda la jozi,
dogo kama ukucha wa mtoto, limeuma ngozi hadi ikawa nyekundu.

Nikalichomoa. Nikakaa na mkono juu ya goti lake
hadi mtetemo ukapungua, ukapungua.
"Kulikuwa na nini?" akauliza.
Nikamfungulia kiganja.
Alilitazama ganda muda mrefu,
kisha akacheka, akacheka hadi miguu ikaanza tena,
nami nikacheka, mama akatugongea ukuta tunyamaze.

Miaka minne sasa hatujalitaja tawi lile.
Asubuhi nimemaliza mguu wa kulia,
nafuta mikono, naangalia saa, nataka kukimbilia ng'ombe.
Kaka hajainua macho gazetini.
"Bado mmoja," anasema.

Sijui kama anakumbuka.
Napiga magoti upande wa pili, napasha viganja kwa kuvisugua.
Moja. Mbili.
Tatu.