Kipimo cha Goti

Dada yangu Somoe anaolewa Jumamosi ya pili
baada ya malipo ya korosho,
na mimi, kaka mtu, nimezunguka Mtwara mjini duka kwa duka:
chupa za chai zenye maua yasiyoota kwetu,
vikombe sita sita ndani ya boksi lenye dirisha,
saa ya ukutani inayolia kama ndege aliyebanwa na mlango.
"Vyote vinafanana," nikamwambia muuzaji.
"Ndiyo uzuri wake. Kikivunjika, unarudi."

Sikutaka cha kurudiwa.

Nikapanda gari la Newala, nikashuka Kitangari,
nikauliza kwa Chilumba, achongaye mbuzi za kukunia nazi.
Vumbi la mninga limemtia mvi mpaka kwenye nyusi.
Mbuzi iliyo tayari sikuiona. Hata moja.
"Goti la bibi harusi lina kimo gani?"
Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Hukaa kwa kupanua, au hukaa upande?
Hukunia mkono upi?
Akisemeshwa, humgeukia mtu, au huitazama nazi?"

Miaka ishirini na mitatu nimekula tui la dada yangu:
kwenye kisamvu, kwenye wali wa Idi,
kwenye pweza wa siku ile baba alipotoka hospitali.
Nikafungua mdomo nijibu.
Mdomo ukabaki wazi.
"Nenda kamtazame," Chilumba akasema, akaishika tezo yake.
"Kiti cha kubahatisha kipo mjini, tele."

Nauli mara mbili kwa swali moja!
Nikarudi Mikindani na hasira zangu
na kipande cha ukili nilichomwomba Binti Likwata, msuka mikeka,
nimekiviringa mfukoni kama kitu cha wizi.
Nikaketi kwenye kizingiti cha jiko,
mahali nilipozoea kuruka tu, sahani mkononi.

"Unaumwa?" Somoe akauliza.
"Sijambo."
"Una njaa?"
"Hapana."
"Basi una deni."

Akaendelea. Kru, kru, kru,
kwa kushoto.
Kushoto!
Mkono ule bibi aliupiga kwa mwiko mpaka ukawa mwiko,
ukaacha kula, ukaacha kuandika,
ukaacha kupokea vitu mbele za watu.
Kwenye nazi tu, ambako hakuna aliyetazama,
ulibaki.

Alikaa upande, mguu mmoja ndani ya ndara, mwingine peku,
na kila aliponisemesha alinigeukia mzima mzima,
jino la mbuzi likikosa kiganja chake kwa unywele.
Nikadondosha kijiko kusudi, nikainama,
nikaushusha ukili toka goti hadi sakafuni,
nikaukata kwa meno.
"Kaka, kweli unaumwa."

Chilumba aliupokea ukili kwa vidole viwili
kama barua ya posa.

Siku ya kutunza, mshereheshaji akapaza:
"Kaka mtu amemletea dada yake mbuzi!"
Ukumbi mzima ukageukia mlango, ukisubiri mlio.
Nikapita na kigoda changu kwapani,
kati ya chupa za chai saba (nilizihesabu)
na vicheko ambavyo sikuvihesabu.
Somoe alipitisha kidole kwenye kalio la kiti,
pale lilipoinamia kushoto.
Hakusema neno. Alinipa mkono,
ule ule.

Mwezi wa nne nikawatembelea Shangani.
Nikamkuta shemeji Mfaume amekalia mbuzi,
kifuu mkono wa kulia, jasho usoni,
akiteleza kama aliyepanda punda wa jirani.
"Shemeji, fundi wako alikosea. Kiti kinainama."
"Sogea," Somoe akasema.

Mfaume akasogea.
Akaketi bila kutazama chini, goti likapata mahali pake,
akakitwaa kifuu, kru, kru,
akaendelea na kisa alichokuwa akinisimulia tangu mlangoni,
cha jirani yao na kuku wa mkopo,
macho yake kwangu, hadi mwisho.