Safu Moja ya Fomu

Leo pia uwanja umefungwa.
Moshi wa makaa umelala juu ya Ulan Bator
kama mgeni asiyejua kuaga,
na Purevdash, mwalimu wa michezo,
ameketi ofisini, filimbi imempoa kifuani.
Nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Watoto wamekaa.
Wamekaa tangu Novemba.

Mimi nina mizani, utepe, kipimo cha presha
na fomu ya wizara yenye safu moja pana: UZITO.
Darasa la tisa, mmoja mmoja. Vueni makoti.

Batnasan anaingia ubavu,
maana milango imemzoesha hivyo.
Kilo themanini na tisa.
Wenzake koridoni wanazitangaza, wanacheka,
naye anacheka kabla hawajamaliza,
kicheko cha mtu anayelipa deni mapema.
Mama yake amekuja naye, skafu mkononi,
amejiandaa kuomba radhi.
"Ni mwili wa kwa baba yake," anasema.
"Usiku nafunga kabati kwa ufunguo."

Nafunga mkanda mkononi. Najaza. Naachia.
Mia na kumi na mbili juu ya sabini.
Narudia,
maana hata mimi nilikuwa nimeshamhukumu.
Mia na kumi.

"Ukitoka shule unafanya nini?"
Anateka maji kwenye kibanda cha bomba,
anavuta mkokoteni, lita sitini, barafu chini ya viatu,
mpaka juu kilimani kwao, kwenye mahema.
Jumanne na Ijumaa, mieleka,
ndani ya ghala linalonuka sufu ya kondoo.
Moyo wake unatembea
kama mtu anayeijua njia ya kwao.
Sisemi kilo si kitu. Magoti yake yatadai chao,
na sukari tutaipima.
Nasema tu kwamba fomu haikuuliza.

Kisha Khaliun. Kilo arobaini na tatu.
"Huyu hana neno," Purevdash amepita akisema,
"mwembamba kama uzi."
Bingwa wa sataranji wa wilaya nzima.
Gari la babake humngoja getini likinguruma,
lifti humpandisha ghorofa ya tisa,
kiti humpokea saa sita mfululizo,
na kikombe cha tambi za maji moto,
pakiti ya chumvi yote, mpaka vumbi la mwisho.

Mia na thelathini na sita juu ya themanini na nane.
Nikamwambia pumua, tazama dirishani.
Dirishani hakukuwa na kitu cha kutazama.
Mia na thelathini na tano.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wajuzi,
nami nimeshika mkono wa sweta yake
nisijue niukunje au niushushe.

Nimemwandikia barua ya hospitali. Zamu yake, Aprili.
Hapa sina dawa.
Nina ngazi.

Ghorofa nne, harufu ya kabichi na buti mbichi.
Kila mapumziko tunapanda, yeye na mimi,
mimi na miaka yangu hamsini na mitatu,
na Batnasan, ambaye hakuna aliyemwita,
amembebea mkoba wa sataranji.
Vidato themanini na vinne; yeye ndiye aliyevihesabu.
Kwenye cha hamsini anasimama, kiganja ukutani,
anafikiri kama anayetaka kumtoa farasi mtegoni.
"Hili ni zoezi?"
"Hapana. Huku ni kupanda ngazi."
"Basi sawa."

Machi. Moshi umechanika mahali pamoja,
mlima unaonekana, mchafu, mzuri.
Mia na thelathini na moja juu ya themanini na nne.
Si ushindi. Ni vidato vichache tu,
na kesho huenda vikatukimbia.
Purevdash ameuliza, kama asiyeuliza,
tunaanza saa ngapi.

Fomu inaondoka jioni hii.
Kwenye safu yake nimeandika: 43.
Pembeni, kwa penseli, herufi ndogo: anapanda.
Wizarani watapiga simu kuuliza,
anapanda nini?