Kitufe

Augsburg, Februari. Theluji imegeuka tope
na Bi Waltraud amekuja kwa tramu namba tatu
kukodisha mkono wake wa kushoto
saa moja, yuro ishirini.

Henrike anampima: mfupa huu, nyama hii.
Anampa kitufe chekundu.
"Pakianza kuuma, bonyeza. Usijikaze,
hapa hatutafuti mashujaa."

Roboti inashusha kidole chake cha mpira
taratibu, kama mwoka mikate anayebonyeza unga
kuona kama umeumuka
(kazi aliyoifanya mwenyewe miaka thelathini na mmoja).
Nyutoni thelathini. Sitini. Tisini.
Ngozi inafanya kishimo.
Mia na ishirini, na kitufe kimelala kiganjani
kama punje iliyosuswa na kuku.
Mia na arobaini:
mashine yenyewe inakoma, inarudi nyuma, inangoja.

"Umesahau kitufe?"
"Sikusahau."

Anashusha mkono wa sweta, macho dirishani.
"Tangu nimzike Lothar, wanaonigusa
ni daktari na yule binti wa saluni, na wote wana haraka.
Hiki chuma chako kimekuja polepole,
utadhani kinabisha hodi."

Henrike anaandika: mshiriki wa kumi na saba, kipimo batili.
Anafuta. Anaandika tena vilevile.

Usiku, mfagizi akishaondoka na ndoo yake,
anakunja mkono wa koti jeupe, anaiwasha,
kitufe akiwa amekiacha mezani, mbali,
aone tu
itakomea wapi.